Paneli ya nne ilivyogandisha maandishi: kisa cha digitalWrite na pini za Arduino

Hiki kisa nimeona nikiandike chote maana kila nikikutana na vijana wanaotengeneza mabango ya LED, yale maandishi mekundu yanayotembea juu ya maduka, nawakuta wako palepale nilipokuwa mimi. Kitu kinafanya kazi vizuri na paneli moja, mbili, wakifika tatu kinaanza kuchechemea, ya nne kimekufa, alafu lawama zote zinaenda kwenye pawasaplai.

Mteja wangu alikuwa mzee mmoja mwenye duka la dawa huku Dar. Alitaka bango la paneli 3 aina ya P10, na ujumbe aubadilishe mwenyewe kwa simu kupitia bluetooth. Ubongo wa kazi ulikuwa Arduino Uno, bodi ndogo ya kuprogramu yenye chipu ya ATmega328P, ya familia ya AVR, inayokimbia kwa 16 MHz. Shika hiyo namba kwasababu hesabu zote zinatoka hapo, pigo moja la klok ni nanosekunde 62.5, kwahiyo kwenye mikrosekunde moja una mapigo 16 tu ya kufanya kila kitu.

Kama hujawahi kuishika P10 iko hivi. Paneli moja ina taa 32 kwa 16, jumla 512, ila haziwaki zote kwa pamoja, zinawaka robo robo. Unasukuma biti 128 za robo ya kwanza kupitia zile chipu za 74HC595, moja baada ya nyingine kwa waya mmoja wa data na mmoja wa klok, unapiga lachi, yaani unaziambia chipu zitoe biti zilizopokea, unachagua mistari ya robo hiyo kwa pini A na B, alafu unaenda robo ya pili. Robo nne zikiisha umepata picha moja. Ukizizungusha haraka vya kutosha jicho linaona picha imetulia, ukichelewa linaona inachezacheza. Na paneli zikiungwa kwa foleni biti zinaongezeka, paneli 3 ni biti 384 kwa kila robo, paneli 4 ni 512.

Mimi nilipanga hivi: Taima1, kipima muda kimoja cha ndani ya chipu, ipige intarapti kila milisekunde 5, yaani isimamishe programu kuu, isukume robo moja, irudi. Kwa kila biti nilikuwa na digitalWrite tatu, ile amri ya Arduino ya kuwasha au kuzima pini moja: data, klok juu, klok chini. Nikaijaribu mezani na paneli moja ikawaka safi kabisa nikaona kazi imeisha.

Dukani na paneli 3 kukawa na vimambo viwili ambavyo sikuvitilia maanani kama ilivyotakiwa. Maandishi yalikuwa yanatembea taratibu kuliko nilivyoyaseti, na ujumbe ukitumwa kwa simu unafika pungufu. Mzee aliandika DAWA ZA KISUKARI ZIPO ikatokea DAA ISKAI ZP, akaniita akaniuliza, "Fundi, mbona maneno yanaliwa?" Nikamwambia mzee hiyo itakuwa bluetooth, usisimame mbali sana. Lile jibu lilikuwa la uongo ingawa sikujua kama ni uongo, na linaniuma mpaka leo maana yule mzee alikuwa anatoka nje kusimama chini ya bango juani kila akitaka kubadilisha tangazo.

Baada ya wiki kadhaa akataka paneli ya nne. Tumeifunga, tumewasha, maandishi yanaonekana ila yameganda palepale, hayatembei, yanapepesa, na simu ukituma chochote hakifiki kabisa. Tukabadilisha pawasaplai, tukabadilisha kebo bapa, tukabadilisha hata Uno yenyewe, siku mbili zikaisha hivyohivyo juu ya ngazi.

Siku ya tatu nikapeleka bodi mezani nikafunga lojiki analaiza, kifaa cha kuonyesha pini inapanda na kushuka lini, hizi za bei rahisi za chaneli 8, nikaiweka kwenye pini ya data na ya klok. Na hapo ndo nilipoona. Kila digitalWrite inakula kama mikrosekunde 4. Tatu kwa biti moja ni 12. Sasa piga hesabu: biti 384 mara 12 ni mikrosekunde 4,608. Yaani kwenye kila milisekunde 5, intarapti inakaa ndani 4.6, programu kuu inaachiwa milisekunde 0.4 hivi, chini ya asilimia 8 ya muda. Na paneli ya nne? Biti 512 mara 12 ni mikrosekunde 6,144. Kazi ya milisekunde 6.1 kwenye nafasi ya milisekunde 5. Kabla haijamaliza robo moja kengele ya robo inayofuata imeshalia.

Hapo kila kitu kikaeleweka, mpaka ile bluetooth. Ndani ya intarapti ya AVR intarapti zingine zimefungwa mpaka utoke. Seriali, ile njia bluetooth inayopitishia herufi, kwa biti 9600 kwa sekunde inaleta herufi moja kila milisekunde moja hivi, na kibanda chake cha kupokelea ndani ya chipu kinashika baiti mbili na nyingine ikiwa njiani, basi, kinachozidi kinamwagika. Ukikaa ndani milisekunde 4.6 herufi zinamwagika, ndo yale maneno yaliyokuwa yanaliwa. Na millis(), saa ya ndani ya Arduino, nayo inahesabu kwa intarapti ya Taima0 inayopiga kila milisekunde 1.024, ikipiga mara nne wakati mlango umefungwa inakumbukwa mara moja tu, kwahiyo saa ya ndani ilikuwa inachelewa vibaya, na maandishi yalikuwa yanatembea kwa kufuata saa hiyo.

Kwa paneli 4 ni mbaya zaidi. ATmega ikitoka kwenye intarapti inaruhusu agizo moja tu la programu kuu kabla ya kuhudumia intarapti nyingine iliyosubiri. Moja. Na zikisubiri nyingi, yenye namba ndogo kwenye jedwali inatangulia: ya Taima1 niliyotumia mimi ni namba 12, ya Taima0 ni 17, ya seriali kupokea ni 19. Yangu ilikuwa inasubiri mlangoni muda wote, kwahiyo inaingia yenyewe, inatoka, inaingia tena yenyewe, hizo mbili hazipati zamu milele. Ndo maana picha ilikuwepo, maana intarapti ndo inayochora, ila saa ya ndani ilisimama kabisa na herufi hazikupokelewa hata moja.

Sasa digitalWrite inafanya nini kwenye hizo mikrosekunde 4, mapigo sitini na kitu, kuwasha pini moja? Nilifungua kodi yake nikaisoma. Unaipa namba 9, kwanza inaenda kwenye jedwali lililoko flashi kuuliza 9 ina taima? Inaenda jedwali la pili, 9 ni biti ya ngapi? Jedwali la tatu, 9 iko poti gani, yaani kundi gani la pini? Kama ina taima inaangalia PWM na kuizima, inatafuta anwani ya rejista ya hiyo poti, yaani kijisanduku cha biti zake ndani ya chipu, inahifadhi SREG, rejista inayokumbuka kama intarapti ziko wazi, inafunga intarapti, inawasha biti, inarudisha SREG. Sio kodi mbaya, na siungani na wanaoitukana. Imeandikwa imhudumie mtu yeyote, kwenye bodi yoyote, hata kama namba ya pini imetoka kwenye variabo iliyobadilika sasaivi. Kosa lilikuwa la kwangu: nilikuwa naiuliza swali lilelile mara elfu moja mia tano na ushee kwa kila robo, wakati jibu nilikuwa nalo tangu siku nachora bodi. Pini 8 ni PB0, yaani biti 0 ya poti B, pini 9 ni PB1, haibadiliki usiku wala mchana.

Kwahiyo nikaandika jibu moja kwa moja:

PORTB |= (1 << 1);

Hii kwa macho inaonekana kama kusoma, kubadilisha, kuandika, ila kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa maagizo ya chipu, ikiona anwani inajulikana na biti ni moja tu na inajulikana, na optimaizesheni imewashwa, inaitoa kama agizo moja, sbi 0x05, 1. Mapigo mawili, nanosekunde 125. Kutoka mikrosekunde 4 mpaka nanosekunde 125, zaidi ya mara thelathini. Kuzima ni cbi, nayo vilevile. Nikaikunjua ile lupu ya biti 8 iwe mistari minane mfululizo, kila biti ikawa inachukua mapigo kama 9, robo nzima ya paneli 4 ikashuka kutoka milisekunde 6.1 mpaka 0.3 na kidogo. Nikapata nafasi ya kupiga taima kila milisekunde 2 badala ya 5, picha nzima kwa milisekunde 8, mara 125 kwa sekunde. Bango likatulia tuli kama limechorwa na rangi. Mzee akatuma tangazo akiwa amekaa ndani nyuma ya kaunta na lilifika herufi zote, nikaona hata aibu kumtazama.

Kuna atakayeuliza kwanini sikutumia SPI, kifaa cha ndani ya chipu kinachosukuma data na klok chenyewe, na ana haki. SPI ya hii chipu inaenda mpaka 8 MHz, baiti nzima inatoka kwa mikrosekunde moja na wewe hushiki klok kwa mkono, kama bodi hujachora bado nenda huko usihangaike na haya. Mimi pini 11 mpaka 13 zilikuwa na kadi ya SD inayotunza matangazo, na intarapti ya bango ingeweza kuingia katikati ya mazungumzo ya kadi, na bodi zilikuwa zimeshachapwa.

Mpaka hapo ningeweza kuishia, ila sehemu iliyonifundisha kweli ilikuja na bango la pili.

Mteja mwingine, paneli 8, na akataka buza ya kuita namba za watu kwenye foleni. Nikahamia Arduino Mega, bodi kubwa zaidi yenye chipu ya ATmega2560, ubao wangu unakaa juu yake bila shida maana namba za pini ni zilezile. Ila namba zilezile sio poti zilezile. Kwenye Mega pini 8 ni PH5, 9 ni PH6, ile ya 6 ninayotumia kwa mstari B ni PH3, na 7 niliyompa buza ni PH4. Nikabadilisha PORTB, na PORTD ya ile pini 6, kuwa PORTH kila mahali, namba za biti nikarekebisha, ikawaka. Kijana ninayefanya naye kazi akakaa nayo siku nzima alafu jioni akaniambia, "Kaka, buza ikilia kuna mstari unaruka." Nikaangalia sikuona kitu. Akanishika mkono, subiri kaka, angalia pale chini. Buza ikalia sekunde tano sita, na kweli, mara moja tu, kama kope, mstari wa maandishi ukatokea mahali sio pake ukapotea.

Ningeweza kusema ni kelele za umeme za buza nikaweka kapasita. Badala yake nikamwambia tufungue kodi iliyotoka kwa kompaila kwa avr-objdump, tuone ule mstari wa buza umekuwa nini. Tulitegemea sbi. Tukakuta hivi:

lds r24, 0x0102
ori r24, 0x10
sts 0x0102, r24

Mistari mitatu. Sbi na cbi zinafika rejista 32 za mwanzo tu, anwani 0x00 mpaka 0x1F za eneo la pini na vifaa. Poti A mpaka G ziko humo. H, J, K na L ziliongezwa mbali huko, PORTH iko 0x102, sbi haifiki, kwahiyo kompaila inasoma rejista nzima, inabadilisha biti, inairudisha nzima. Mapigo 5 badala ya 2, na hilo sio tatizo. Tatizo ni kwamba katikati kuna nyufa.

Fuata taratibu. Programu kuu inataka kuwasha buza, inasoma PORTH, humo ndani mstari B uko chini. Kabla haijarudisha, intarapti ya bango inaingia, inasukuma robo mpya, inapandisha B, inatoka. Programu kuu inaendelea pale ilipoachia, haina habari, inarudisha ile nakala ya zamani pamoja na buza yake, na B inashuka. Data ya robo ya tatu inawaka kwenye mistari ya robo ya kwanza kwa milisekunde 2 mpaka intarapti inayofuata iweke sawa. Buza nilikuwa naipiga kwa mkono 2 kHz, yaani PORTH inaandikwa mara 4,000 kwa sekunde, na kila mara kuna dirisha la mapigo 3 ambalo intarapti ikidondokea humo maafa yanatokea. 4,000 mara 3 ni mapigo 12,000 kati ya milioni 16. Intarapti ziko 500 kwa sekunde. Ukizidisha unapata kama mara 0.4 kwa sekunde, na nusu yake hazibadilishi B, inabaki 0.2, mara moja kwa kila sekunde 5 za buza. Ndo kilekile kijana alichokiona kwa macho, na nilifurahi sana namba zilivyokubaliana na jicho lake.

Kwenye Uno hii haikuwahi kutokea sio kwasababu niliandika kwa uangalifu, ilikuwa bahati, sbi ni agizo moja haliwezi kukatwa katikati. Mstari wa kodi ni uleule, herufi moja tu imebadilika, B ikawa H, na maana yake kwa chipu ni nyingine kabisa.

Dawa ya haraka ni kufunga intarapti kwa yale mapigo matano, maktaba ya avr-libc ina ATOMIC_BLOCK kwa kazi hiyo. Ila kuifunga kila mahali kwa mkono utasahau sehemu moja, na kwenye poti za karibu ni gharama ya bure. Nikaamua swali liulizwe mara moja, na aulizwe kompaila:

template <uint16_t anwani, uint8_t biti>
struct Pini {
  static inline void washa() {
    volatile uint8_t &r = *(volatile uint8_t *)anwani;
    if (anwani < 0x40) {
      r |= (1 << biti);
    } else {
      uint8_t s = SREG;
      cli();
      r |= (1 << biti);
      SREG = s;
    }
  }
};

Zima inafanana nayo, unageuza tu biti. Hiyo 0x40 ni kwasababu anwani za kumbukumbu zinaanza 0x20 mbele ya zile za sbi, kwahiyo 0x1F inakuwa 0x3F. Ile if haifiki kwenye chipu, anwani inajulikana wakati wa kukompaila kwahiyo tawi moja linatupwa. Alafu kila bodi ina faili lake dogo, Uno inasema using Klok = Pini<0x25, 1>; na Mega using Klok = Pini<0x102, 6>; na kodi nyingine yote inaandika Klok::washa() haijui iko bodi gani. Na usirudishe SREG kwa kuandika sei() badala yake, maana ukiita washa() ukiwa ndani ya intarapti utafungua mlango katikati ya kazi. Mtego huu sio wa AVR zangu tu, printa nyingi za 3D zilikuwa zinatumia hiyohiyo Mega na programu ya Marlin, nao kwenye poti za mbali wanafunga intarapti hivihivi na za karibu wanaziacha.

Kwenye ile lupu ya kusukuma biti sikutumia washa() kwa Mega, ingekuwa nzito bure. Mule ndani ya intarapti hakuna wa kunikatiza, kwahiyo nasoma PORTH mara moja mwanzoni, natengeneza baiti zangu kwenye rejista, naandika tu, kila kuandika ni sts moja ya mapigo mawili. Paneli 8, biti 1,024, ikatoka nusu milisekunde na ushee kwa robo.

Chipu za kisasa zimelimaliza hili kwenye chuma chenyewe. STM32 ina rejista BSRR, nusu ya chini unaandika 1 kuwasha, nusu ya juu unaandika 1 kuzima, pini ambazo hujazigusa hazisomwi wala haziandikwi. ESP32 ina w1ts na w1tc, RP2040 ina rejista za kuwasha, kuzima na kugeuza kila moja peke yake. Hata AVR ina kaupenyo kamoja watu hawakijui, ukiandika 1 kwenye PINB, rejista ya kusomea pini za poti B, biti hiyo inageuka bila kusoma kitu, na kwa PINH vilevile, ni uandishi mmoja. Buza ndo kazi yake hasa hiyo, kupanda na kushuka. Nikafuta mistari yangu miwili ya buza nikaweka PINH = (1 << 4), bila |=, maana ukiweka |= inasoma kwanza hali ya pini zote alafu inazigeuza zote zilizokuwa juu.

Tukaipandisha ile Mega, kijana akakaa chini ya bango na simu anaita namba za foleni moja baada ya nyingine, buza ikalia nusu saa nzima, na mstari haukuruka tena.